Meli Ilipofika Khartoum: Roosevelt, Mwanawe na Wapagazi Wasio na Majina

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1910. Meli ndogo ya mvuke iitwayo Dal inaingia Khartoum ikitokea kusini, ikishuka na maji ya Mto Nile. Ndani yake yupo mzee wa miaka 51, mwenye miwani na masharubu, ambaye jicho lake la kushoto halioni. Yupo pia kijana wa miaka 20. Mzee huyo ni Theodore Roosevelt. Mwaka mmoja na siku kumi kabla ya hapo alikuwa anakabidhi madaraka ya urais wa Marekani. Kijana ni mwanawe, Kermit, aliyesimamisha masomo yake Chuo Kikuu cha Harvard ili amfuate baba yake Afrika. Khartoum ndiko walikokutana tena na mama wa nyumba, Edith, na binti yao Ethel. Baba na mwana walikuwa wameondoka kwao karibu mwaka mzima uliopita.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha safari ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mama wa safari zote za kitalii tunazoziona leo zikipita Arusha na Nairobi. Angalia vitu vyake: baba, mtoto, mto, wanyama, kamera, halafu kitabu cha kuwasimulia watu nyumbani. Ukiondoa bunduki, hakuna kilichobadilika sana.

Nimeichagua siku hii ya mwisho kwa makusudi. Siku ya mwisho ya safari yoyote ni siku ya mahesabu. Ndiyo siku unayojua umerudi na nini, nani anastahili bakshishi, nani unaagana naye na nani humkumbuki hata jina. Roosevelt alikuwa mtu wa mahesabu hasa. Alihesabu karibu kila kitu. Sasa tuangalie alichokihesabu na ambacho hakukihesabu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko, maana najua tuliosoma historia kwa kukariri tunawachanganya. Huyu si yule Roosevelt wa kiti cha magurudumu, wa Vita Kuu ya Pili. Yule ni Franklin, ndugu yake wa mbali. Huyu ni Theodore, au Teddy, ambaye wale wanasesere wa dubu wanaouzwa mpaka Kariakoo wamebeba jina lake. Habari yenyewe ni kwamba mwaka 1902 alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti, akisema huo si uwindaji wa kiungwana. Magazeti yakaichora habari hiyo, wenye viwanda wakatengeneza dubu wa kuchezea, na jina likabaki. Akiwa Ikulu alianzisha hifadhi za taifa 5 na hifadhi za ndege 51. Kwa hiyo tusimchukulie kuwa mtu aliyechukia wanyama. Aliwapenda sana. Ugumu wa habari hii uko hapo hapo.

Safari ilianza tarehe 23 Machi 1909, alipopanda meli Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Tarehe 21 Aprili akawa Mombasa. Hakuja kama mtalii wa kawaida. Alikuja kwa niaba ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Washington, na kati ya waliochangia fedha alikuwemo Andrew Carnegie, tajiri mkubwa wa chuma. Aliongozana na wataalamu watatu wa viumbe: Edgar Mearns, Edmund Heller na John Alden Loring. Kazi yao ilikuwa kukusanya wanyama wa makumbusho, kuanzia panya hadi tembo.

Kutoka Mombasa walipanda treni ya Reli ya Uganda, na mzee akawekewa kiti mbele kabisa ya injini ili aone wanyama vizuri. Waliposhuka kituo cha Kapiti, upande wa Machakos, walikuta wapagazi wapatao 200 wamejipanga wanawasubiri, na bendera kubwa ya Marekani iko kwenye hema la Bwana Mkubwa.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Kitabu alichoandika baadaye, African Game Trails, kilichotoka mwaka huo huo wa 1910, sasa kinapatikana bure kwenye intaneti kwa sababu muda wa hakimiliki umekwisha. Ukikisoma utacheka, maana Kiswahili kimejaa humo na tahajia yake ni ya kwake mwenyewe. Yeye anasema wapagazi walimwita Bwana Makuba. Kermit waliita Bwana Merodadi. Msomaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo: Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi. Loring, aliyeshughulika na wanyama wadogo wadogo, akawa Bwana Pania, yaani panya. Kwa hiyo wapagazi hawa, ambao kitabu kinawasifu kwa nguvu na uchangamfu kisha kinawafananisha na watoto, walikuwa wanawasoma mabosi wao vizuri sana. Waliwapa majina wote. Wao hawakupewa lolote.

Na lipo neno moja walilowapa Wazungu ambalo halijarudi mpaka leo. Neno safari. Sisi kwetu safari ni safari. Ukipanda basi kwenda Singida msibani, uko safarini. Ukienda Bukoba kumpeleka mtoto shule, hiyo nayo ni safari. Roosevelt hakuwa Mzungu wa kwanza kuliandika, maana Richard Burton alikwisha kulitumia katika karne ya 19. Lakini makala na kitabu cha rais mstaafu vilisomwa na watu wengi mno, na vilisaidia sana kulisambaza neno hilo kwa maana mpya: kwenda Afrika kutafuta wanyama. Leo Mmarekani akisikia neno hilo anaona simba. Hamuoni shangazi yako na kapu lake la ndizi.

Baada ya miezi minane ya Kenya walivuka Ziwa Victoria kuingia Uganda, Desemba 1909. Kutoka Kampala walikwenda kwa miguu hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Kuanzia hapo safari ikawa ya majini. Walishuka na Nile mpaka eneo lililoitwa Lado.

Lado inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu bila maelezo huwezi kuelewa kwa nini ilikuwa pori la kila mtu. Hiki kilikuwa kipande cha ardhi magharibi ya Nile ambacho Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894, yule yule wa Kongo na mikono iliyokatwa. Mkataba ulikuwa wa muda wa uhai wake. Akifa, eneo linarudi Sudan. Leopold alikufa tarehe 17 Desemba 1909. Roosevelt aliingia Lado mwezi uliofuata. Wenyewe wa zamani walikuwa wanafunga virago, wenyewe wapya walikuwa hawajafika, na majangili wa pembe za ndovu walikuwa wanafanya watakavyo. Baadaye sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa Uganda, na ndiyo eneo la West Nile la leo. Mji unaoitwa Rhino Camp, yaani kambi ya vifaru, upo mpaka sasa huko Uganda. Siku hizi jina hilo linajulikana zaidi kwa makazi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Vifaru wenyewe wa porini hawapo tena.

Walikuwepo, na ndio waliomleta Roosevelt. Alimtaka kifaru mweupe wa kaskazini. Mnyama huyu alikuwa mgeni kabisa kwa wanasayansi wa Ulaya. Alipewa jina lake rasmi la kisayansi mwaka 1908 tu, mwaka mmoja kabla ya safari hii kuanza. Makumbusho yalimhitaji. Roosevelt na mwanawe waliua tisa: baba watano, mtoto wanne.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Katika kitabu hicho hicho, Roosevelt anaandika kwamba ingekuwa vyema kuua vifaru hawa kupigwe marufuku mpaka uchunguzi ufanyike kujua wamebaki wangapi na wanaishi wapi hasa. Yaani alijua. Aliona kwa macho yake kwamba mnyama huyu yuko eneo dogo na anaweza kwisha. Akashauri azuiwe mwindaji atakayekuja nyuma yake. Tabia hii tunaijua hata sisi: kila mtu anataka mlango ufungwe akishaingia yeye.

Wakiwa Lado ndipo ilipofika habari iliyobadili siasa za Marekani. Rais mpya, William Howard Taft, alikuwa amemfukuza kazi Gifford Pinchot, mkuu wa misitu na rafiki mkubwa wa Roosevelt katika mambo ya uhifadhi. Ilikuwa Januari 1910. Hakukuwa na simu ya kuchati wala redio. Habari ya Washington ilimfikia rais mstaafu ikiwa imebebwa na tarishi wa miguu, Mwafrika aliyekata pori peke yake. Ugomvi wa Roosevelt na Taft ulianza kuiva hapo, na mwaka 1912 ulikigawa chama chao katikati na kumpa Woodrow Wilson urais. Vitabu vya historia ya Marekani vina majina ya hao wote wanne. Jina la tarishi sijaliona popote.

Mimi kama mwandishi wa habari kuna kipengele hapa kinanichekesha. Roosevelt hakutaka waandishi wamfuate porini. Alisema ni safari binafsi. Wakati huo huo alikuwa na mkataba na jarida la Scribner's wa dola 50,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, kuandika makala za safari hiyo hiyo. Kwa lugha ya leo alikuwa ameuza haki za matangazo. Usiku, wenzake wakiwa hoi, yeye alikaa kwenye hema na taa, anaandika kwa penseli juu ya karatasi za kaboni ili zipatikane nakala, kisha bahasha zinakabidhiwa matarishi. Nidhamu hiyo namvulia kofia. Lakini matokeo yake ni kwamba karibu kila tunachokijua kuhusu safari ile tumekipata kwa mtu mmoja, mwenye safari.

Kutoka Lado walikwenda Nimule. Hapo mto una maporomoko, meli haipiti, kwa hiyo waliteremka tena kwa miguu hadi Gondokoro, karibu na ilipo Juba ya leo. Wengi katika msafara walikuwa wameugua homa na kuhara damu. Gondokoro walikuta meli ya Dal, iliyotumwa na Reginald Wingate, gavana mkuu wa Sudan. Meli ya starehe. Vitanda, kivuli, meza ya kulia.

Hapa Gondokoro ndipo, kwa upande wa watu wetu, ilipokuwa siku ya mwisho ya kweli. Meli haihitaji vichwa vya kubebea mizigo. Kazi ya wapagazi iliishia pale. Siku ya mwisho ya Februari, Dal iling'oa nanga kwenda kaskazini. Aliyebeba mzigo kutoka Uganda aligeuka kurudi kusini, na njia ilikuwa ile ile, kwa miguu. Ya walioelekea kaskazini tunajua mpaka walichowinda njiani. Ya waliogeuka hatujui hata walifika lini.

Zikafuata wiki mbili za kuelea, zaidi ya kilomita 1,500. Ndiyo sehemu inayofanana kabisa na utalii wa meli wa siku hizi: unakaa kwenye kiti, nchi inapita mbele yako. Walipita katika Sudd, bwawa kubwa la mafunjo ambalo jina lake kwa Kiarabu lina maana ya kizuizi, kwa sababu majani yanayoelea huziba mto hadi meli zisipite. Walisimama Ziwa No, mahali mito miwili inapokutana na Nile kuanza kuitwa Nile Nyeupe. Hapo waliwinda tena, wakitafuta swala wa huko, akiwemo kobu mwenye masikio meupe, ndugu wa yule kobu aliye kwenye nembo ya taifa ya Uganda. Walipita Fashoda, ambako mwaka 1898 Waingereza na Wafaransa nusura waingie vitani kwa ajili ya ardhi ambayo si ya baba yao yeyote.

Kabla ya Khartoum, waandishi wa habari wakashindwa kuvumilia. Walipanda mto kwa boti kwenda kumlaki. Walitaka jambo moja: atasema nini kuhusu Taft? Atagombea tena? Mzee akawaambia hana la kusema juu ya siasa. Najua uso wa mwandishi anayejibiwa hivyo baada ya kusafiri siku kadhaa. Pole zao.

Basi tunarudi kwenye siku yenyewe, 14 Machi. Familia inakutana. Khartoum ilikuwa mji mpya juu ya makaburi. Miaka 12 tu nyuma, mwaka 1898, jeshi la Kitchener liliua maelfu ya wapiganaji wa Khalifa Abdullahi karibu na Omdurman kwa bunduki za rashasha. Mwenyeji wa akina Roosevelt mjini hapo alikuwa Rudolf Slatin, Mwaustria aliyewahi kuwa mateka wa Mahdi na Khalifa kwa zaidi ya miaka kumi, na alimtembeza mzee kwenye uwanja huo wa vita. Kesho yake, tarehe 15 Machi, Roosevelt aliandika tarehe na jina la Khartoum chini ya dibaji ya kitabu chake. Safari imefungwa rasmi.

Na hesabu ikafungwa. Mwisho wa kitabu kuna orodha. Safu moja ya baba, safu moja ya mtoto. Simba: baba 9, mtoto 8. Tembo: baba 8, mtoto 3. Chui: baba hakupata, mtoto 3. Inaendelea hivyo, mnyama mmoja mmoja, ndege pia. Jumla, baba 296, mtoto 216. Wote pamoja 512. Ukijumlisha na kazi ya wanasayansi, vielelezo vilivyopelekwa Washington vilizidi 11,000. Jengo jipya la makumbusho lililovipokea lilifungua milango yake kwa umma tarehe 17 Machi 1910, siku tatu tu baada ya meli kufika Khartoum.

Mwenyewe alijitetea. Alisema yeye na Kermit walijiwekea nyara kama kumi na mbili tu, na kwamba kingine chote kilikuwa cha makumbusho au cha chakula. Tusimwonee: wanasayansi mpaka leo wanatumia vielelezo kama vile, na watu wa msafara walihitaji nyama. Zaidi ya hapo, kulikuwa na wawindaji wengine wa wakati ule ambao waliua wengi zaidi na hawakuandika hata mstari. Yeye aliandika. Ndiyo maana leo tunaweza kumhoji.

Lakini tafuta katika kitabu hicho orodha ya watu. Utakuta majina machache ya walio karibu naye: Juma Yohari na Kassitura, waliombebea Kermit bunduki, na wachache wengine. Hao wana bahati. Wapagazi ni idadi tu. Msafara ulianza na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Fanya hesabu mwenyewe: chumvi peke yake ni karibu mizigo 150 ya kichwani. Kwa kulinganisha, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro leo anatakiwa asizidishe kilo 20, na bado tunasikia malalamiko. Kila ngozi iliyopo kwenye makumbusho ya Washington ilipita kwanza juu ya kichwa cha mtu. Ngozi ina kibandiko chenye tarehe, mahali na jina la aliyepiga risasi. Kichwa hakina.

Utasema, zama zile ndivyo zilivyokuwa. Sawa. Lakini angalia kilichofuata. Miaka minne baadaye, mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilifika Afrika Mashariki, na serikali za kikoloni zilikuwa zimekwisha kuzoea kumhesabu mpagazi kama mzigo juu ya mzigo. Walikusanywa kwa maelfu kwa maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo likapita midomoni mwa babu zetu likawa Kariakoo kwa Dar es Salaam na Kariokor kwa Nairobi. Kila siku tunalitamka tukienda kununua viatu. Pale Posta, Dar es Salaam, ipo Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa ujumla. Jina la mtu hata mmoja hakuna. Asiyeandikwa jina safarini hakuandikwa jina kaburini.

Nimalizie habari ya wale wanyama, maana nayo ina familia ndani yake.

Mwaka 1960 vifaru weupe wa kaskazini walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000 porini. Kufikia mwaka 1984 walibaki kama 15, katika hifadhi ya Garamba, Kongo. Vita, bunduki za rashasha na soko la pembe vilimaliza kazi. Roosevelt hakuwamaliza yeye, lazima tuwe wakweli. Tisa si 2,000. Lakini mwaka 1975 ndama mmoja wa kiume alikamatwa Shambe, kando ya Nile ile ile ambayo Dal ilipita, akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Czechoslovakia ya wakati ule. Wakamwita Sudan. Desemba 2009, karibu miaka 100 kamili tangu Roosevelt aingie Lado, Sudan na wenzake watatu wakarudishwa Afrika, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Matumaini yalikuwa kwamba hewa ya nyumbani ingewafanya wazae. Hawakuzaa. Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, akilindwa usiku na mchana na watu wenye silaha. Aliacha nyuma majike wawili tu wa aina yake duniani kote: Najin, binti yake, na Fatu, mjukuu wake. Mama na mtoto. Wanasayansi wamekuwa wakijaribu kupandikiza viinitete vya Fatu kwa vifaru weupe wa kusini ili ukoo usifutike.

Ona mambo yalivyogeuka. Mwaka 1910 vifaru walikuwa idadi kwenye safu mbili, wa baba na wa mtoto. Walipobaki wawili ndipo kila mmoja akapata jina, tarehe ya kuzaliwa, na walinzi. Tunawapa majina wakishakuwa wachache. Kwa wapagazi hata hilo halikutokea.

Lakini yapo ya kufurahisha pia. Wale kobu wenye masikio meupe, ambao Roosevelt aliwafuata karibu na Ziwa No katika siku zake za mwisho mtoni, hawakuisha, licha ya miongo ya vita. Juni 2024 serikali ya Sudan Kusini na shirika la African Parks walitangaza matokeo ya sensa ya angani: wanyama wanaohama huko wanakadiriwa kuwa karibu milioni 6, na kati yao kobu ni karibu milioni 5. Ni zaidi ya nyumbu wetu wa Serengeti. Nchi ambayo wengi wetu tunaisikia kwa habari za wakimbizi tu ndiyo yenye uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama wa nchi kavu.

Na ile familia? Mwaka 1914 baba na mwana walikwenda tena mtoni pamoja, Brazil, kwenye mto ambao haukuwa kwenye ramani. Nusura mzee afie huko. Alikufa nyumbani kwake tarehe 6 Januari 1919. Kermit, Bwana Maridadi, aliishi na pombe na huzuni kwa muda mrefu, akajiua Alaska mwaka 1943. Nasoma habari zake na kumwonea huruma, kwa sababu naziona zote: barua, picha, daftari. Naweza kumwonea huruma kwa sababu aliandikwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nina ombi moja. Kutoka Machakos mpaka Meru, kutoka Kampala mpaka Hoima, lazima kuna nyumba ambazo babu wa babu alibeba chumvi, ngozi au bahasha za mzee huyu. Habari za namna hiyo huishi kwenye masimulizi ya jioni na hufa na bibi mmoja. Kama kwenu zipo, muulize leo. Usimuulize habari za Roosevelt, hizo tunazo za kutosha. Muulize babu aliitwa nani, mzigo wake ulikuwa nini, na alipogeuka kurudi alichukua siku ngapi kufika nyumbani. Kisha andika.